KIJITI CHENYE PANDA NA KISIMA CHA MKULIMA

Mkulima wa Giakanja aonapo tangi lake limekauka mwezi wa Februari, na mto uko chini bondeni mbali na boma lake, hapana budi aanze kufikiri habari za kisima. Jirani zake watamwambia ya kwamba kabla ya kumwita mchimbaji, yafaa amwite kwanza fundi wa kijiti. Mafundi hao wako katika nchi ya Kenya hata leo, na wakulima, wenye elimu na wasio na elimu, huwalipa fedha ili waonyeshwe mahali pa kuchimba.

Kijiti chenyewe hakinunuliwi dukani. Fundi hupita penye ua au ukingoni mwa msitu akitazama matawi, kama mvulana atafutaye panda ya manati. Hutaka tawi bichi lililogawanyika mara mbili sawasawa, unene wake kama kalamu ya risasi, na kila mkono wa panda upate kama dhiraa moja. Shina la mbele hukatwa fupi, kadiri ya shubiri. Mti mkavu haufai, maana huvunjika. Mti mlegevu nao haufai, maana hukunjika usirudi. Mpera ni mzuri kwa kazi hii, kwa kuwa hupindika na kurudi. Huko Ulaya mafundi walipenda zaidi mti uitwao hazel.

Baada ya kuondoa majani huja kazi ya kukishika, na hapa ndipo ilipo siri yote. Fundi hushika mikono miwili ya panda, viganja vikielekea juu, akaivuta nje mpaka kijiti kikazwe kama upinde uliotiwa ugwe, ncha ikitazama mbele. Kisha huenda polepole shambani. Ghafla ncha huinama kwa nguvu, pengine hata gome likasokoteka mikononi mwake, na watu wote wakashangaa. Fundi asemapo kwamba hakukiinamisha kwa kusudi, mara nyingi husema kweli. Lakini kijiti kilichokazwa namna hiyo ni kama mtego wa ndege. Vifundo vya mikono vikigeuka kidogo tu, kadiri isiyoonekana kwa macho, nguvu zilizofungwa ndani yake hufunguka mara moja. Na mikono ya binadamu huweza kugeuka bila mwenyewe kujua, pale moyo wake unapotazamia jambo. Mwaka 1833 mtaalamu wa Ufaransa aitwaye Chevreul alieleza jinsi kitu kilichoning'inizwa kwa uzi mkononi mwake kilivyocheza alipokitazama, na kilivyotulia alipofunikwa macho.

Mashaka haya si mapya. Agricola, Mjerumani aliyeandika juu ya kazi ya migodi, alieleza habari za kijiti hicho katika kitabu kilichotolewa mwaka 1556, akasema ya kwamba mchimbaji mwema mwenye akili hana haja nacho, bali na atazame dalili za nchi yenyewe.

Kwa nini basi visima vingi vilivyoonyeshwa kwa kijiti hupata maji? Ni kwa sababu ya nchi ilivyo. Tetu na sehemu nyingi za Nyeri zimelala juu ya mawe yaliyomwagwa na volkeno za Mlima Kenya na Nyandarua, tabaka juu ya tabaka, na maji hukaa katikati ya matabaka hayo, ndani ya majivu ya kale na mawe yaliyopasuka. Mchimbaji akienda chini vya kutosha, mara nyingi atayakuta, awe alianzia penye kijiti au hatua hamsini pembeni. Tena hakuna mtu achimbaye kisima cha pili kando ili kupima maneno ya fundi! Kisima kikikauka, husemwa kwamba mchimbaji hakufika chini.

Mkulima aweza kumpima fundi kabla ya kutoa fedha. Kijiti kikiinama, na apigilie kigingi hapo. Kisha amfunge fundi macho kwa kitambaa kizito, amzungushe, ampitishe tena shambani mara tano au sita kwa njia mbalimbali, kila mara akiweka alama. Fundi mwenye haki hatakataa. Huko Munich, Ujerumani, jambo kama hilo lilifanywa mwaka 1987 na 1988 kwa bomba la maji lililosogezwa chini ya sakafu ya ghala. Kati ya watu kama 500 walichaguliwa 43 walio hodari, wakajaribiwa mara 843. Waliosimamia walidai kwamba wachache walikuwa na kipawa, lakini mwaka 1999 mtaalamu wa Marekani, Jim Enright, alizipitia hesabu hizo akaona ni bahati tu.

Kwa vyovyote, kisima kirefu cha mashine chahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, chini ya Sheria ya Maji ya mwaka 2016. Mpimaji wa miamba hupitisha umeme ardhini na kusoma jinsi matabaka yanavyouzuia. Naye pia huweza kukosea, ila huandika kina anachotazamia, na mkulima akapata kukisia gharama. Kijiti hakisemi lolote juu ya utamu wa maji. Katika sehemu kadhaa za Kenya, hasa Bonde la Ufa, maji ya visima yana floridi nyingi ambayo hutia meno ya watoto madoa ya kahawia, na hiyo hujulikana kwa chupa ya maji iliyopelekwa maabara kabla watu hawajaanza kunywa.