Usibadili ukuta-moto bila njia ya kurudi

Jamani, bado kuna mafundi wanaobadili sheria za ukuta-moto wa seva iliyo mbali kwa kuandika amri moja moja kupitia SSH. Ukifunga milango yote kabla ya kujiruhusu mwenyewe, umejifungia nje, na wateja pia. Seva iko London, wewe uko Kisumu: nani atakufungulia?

Kwa maoni yangu, ujuzi pekee si kinga. Hifadhi kwanza sheria za sasa kwa iptables-save. Kisha weka mpya kwa iptables-apply: itakuuliza kama mambo ni sawa, na usipojibu ndani ya sekunde 10, itarudisha za zamani yenyewe. Anayeona sekunde hizo ni nyingi anacheza kamari na kazi ya wengine.