Kabla Ukate Springi za GTI Yako, Tafuta Kaka Yake Mkubwa

Wasee, tuongee ukweli. Pita Thika Road Jumapili jioni, utaiona tu. Golf GTI, rimu kubwa, imelala chini mpaka tairi limejificha ndani ya bodi. Kwa picha inawaka. Sasa ingoje ifike kwa tuta la mtaa. Inasimama, inageuka upande kama kaa, inapanda gurudumu moja moja, na bado tumbo linakwaruza. Hiyo gari ilitoka kiwandani ikiwa moja ya gari ndogo tamu zaidi kuendesha. Leo inaogopa tuta.

Msimamo wangu ni huu: kama una GTI na unataka ikae chini kidogo, ishike kona na usukani uwe mkali, sehemu unazohitaji zilishatengenezwa zamani. Ziko kwa ndugu zake wakubwa. Weka grainda chini kwanza.

Nieleze hii familia. Golf ya tano ilitoka mwishoni mwa 2003, na GTI yake ikafuata. Ya sita ikaja 2008. Chini ya ngozi, hizi mbili zimejengwa juu ya msingi ule ule ambao pia uko kwa Audi A3 ya wakati huo, Audi TT ya 2006, SEAT Leon na Skoda Octavia. Ni kama nyumba moja yenye watoto wengi. Mmoja amepewa viatu vya shule, mwingine vya mbio, lakini mguu ni saizi karibu sawa. Ndiyo maana amu ya TT inaweza kukaa kwa Golf bila kuchomelea chochote.

Sasa sikiza hii hesabu. GTI ya tano imeshushwa milimita 15 kuliko Golf ya kawaida. Golf R ya sita, ile kali yenye magurudumu manne yanayovuta, imeshushwa milimita 25. Ishirini na tano tu! Hao ni mainjinia waliokuwa na kiwanja cha majaribio, kompyuta na pesa zote za kampuni, wakitengeneza Golf yenye nguvu kuliko zote za wakati huo, na waliona 25 inatosha. Halafu kijana fulani na fundi wake chini ya mwembe wanaamua 80 ndiyo fiti. Kwani hao wa kiwanda walikuwa wanalala?

Springi ikikatwa, shoki haijui. Shoki imepangiwa springi ya urefu fulani na ugumu fulani. Ukifupisha springi, shoki inaanza safari ikiwa karibu na mwisho wake. Shimo kidogo tu na inagonga raba ya kuzuia, gari linaruka, tairi linaachana na lami. Na hapo ndipo kila kitu kinaishia, maana tairi lisiloguza barabara halipigi breki wala halikati kona. Mbaya zaidi, springi iliyokatwa inaweza kuwa fupi mpaka inalegea gurudumu likining'inia, na hata kutoka mahali pake. Na wale wanaoichoma kwa gesi ili ilale? Moto unaharibu ugumu wa chuma chenyewe. Hapo hujui tena una springi ya aina gani.

Kwa hivyo uanzie wapi? Ningepanga hivi.

Kwanza bushi. Najua, hakuna anayepiga picha ya bushi. Lakini GTI nyingi hapa zimetoka Japani au Uingereza zikiwa na miaka yake, kisha zikakutana na mashimo yetu. Mpira umechoka. Amu ya mbele ya Golf ina bushi kubwa upande wa nyuma, na ile ya kawaida imeachwa na matundu ndani ili gari liwe laini. Ukipiga breki, amu inasogea nyuma kidogo, gurudumu linabadilisha mwelekeo, na wewe unahisi usukani unaelea. Ile bushi ngumu ya TT na S3 imejaa mpira. Ni kitu kidogo, lakini usukani unaanza kukujibu ukiuliza. Nimewahi kuketi kwa GTI iliyobadilishwa hiyo bushi tu, tukiteremka Mai Mahiu, na tofauti unaisikia hata ukiwa abiria.

Pili, amu za alumini za TT. Faida yake ni uzito. Ule uzito usiobebwa na springi, yaani tairi, rimu, breki na amu, ukipungua, gurudumu linapanda na kushuka haraka likifuata barabara. Watu hudhani hii ni mambo ya uwanja wa mbio. Wapi! Barabara yenye viraka ndiyo inahitaji gurudumu jepesi zaidi.

Tatu, springi na shoki, na zinunuliwe kama seti. Springi za kimichezo na shoki za kawaida ni ndoa mbaya. Na hapa kuwa mkali na pesa yako: amu ya alumini iliyotumika, ikiwa haijapinda wala kupasuka, ni sawa, unaweka bushi na boli jointi mpya. Lakini shoki iliyotumika? Shoki ya Golf R iliyokimbia miaka kumi inaweza kuwa imechoka kuliko hiyo yako unayoitoa. Jina kwa kikasha halirudishi mafuta yaliyovuja. Shoki nunua mpya.

Nne, alainimenti. Ukigusa amu au springi bila kwenda kupimiwa magurudumu, umenunua tairi mpya bila kujua.

Sasa mitego, kwa sababu Kirinyaga Road kila mtu atakuambia "hiyo inaingia, boss." Usiamini neno, amini nambari. Sehemu za hii familia zina nambari zilizopigwa kwenye chuma au plastiki. Nyingi za Golf ya tano huanza na 1K0, za TT hiyo ya 2006 huanza na 8J0. Golf ya sita bado inatumia nyingi za 1K0, kwa hivyo usishtuke. Shoki za mbele ziko za unene wa milimita 50 na za milimita 55, na moja haikai mahali pa nyingine. Pima kabla ulipe. Na ile Golf R unayoitamani ina difu nyuma, kwa hivyo sehemu zake za nyuma zimepangwa kwa gari lenye uzito na umbo tofauti. Mbele mnaweza kuelewana, nyuma uliza mara mbili.

Kitu kingine ambacho mafundi wengi huruka: nati za bushi hukazwa mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, uzito ukiwa chini. Ukizikaza gari likiwa juu ya jeki, bushi inashikwa katika mkao usio wake. Ukishusha gari inajikunja, na baada ya miezi michache imeraruka. Halafu unasema sehemu za TT ni feki. Simama hapo na fundi wako, kwa heshima, umwambie.

Najua majibu yanayokuja. La kwanza: "Koilova ni rahisi, unashusha na kupandisha vile unataka." Koilova nzuri zipo, na sina shida nazo. Shida ni zile za bei ya chini ambazo kazi yake moja ni kushuka. Kama bajeti yako haifiki kwa nzuri, bushi na amu za kiwandani zitakupa gari bora kuliko koilova mbaya.

La pili: "Mimi sina GTI, niko na Vitz." Mantiki ni ile ile. Vitz ina RS, Fit ina RS, Swift ina Sport, Impreza ya hatchback ina WRX na juu yake STI. Karibu kila gari ndogo lina kaka mkali. Kazi yako ni kujua wanafanana wapi, mwaka gani, nambari gani.

La tatu ndilo hunikera: "Pesa ni yangu, gari ni langu." Sawa, lakini barabara ni yetu. Ukikosa breki kwa sababu tairi liko hewani, mwenye kuumia anaweza kuwa mama anayevuka, au msee wa boda, au mdogo wako aliyeketi nyuma bila kujua springi zako zilikatwa. Na kabla ubadilishe chochote, ongea na watu wa bima. Ajali ikitokea hutaki wagundue gari tofauti na lile waliloandika.

Na kama unafikiri gari kali lazima lilale chini, nenda Naivasha wakati wa Safari Rally. Tangu irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, tumeona gari za kasi zaidi za rali zikipita mbele ya macho yetu. Zimesimama juu, springi zinasafiri, magurudumu yanapanda na kushuka kama miguu ya mkimbiaji. Hakuna hata moja inayokwaruza tumbo kwa ajili ya picha.

Kenya haina barabara za Ujerumani. Ndiyo sababu kubwa zaidi ya kufuata milimita 25 za kiwanda na si 80 za mtaa. GTI iliyotunzwa bushi, ikavalishwa amu za TT na shoki mpya, haitakupa watu wa kupiga mbinja Jumapili. Itakupa Jumatatu asubuhi, mvua imenyesha, lori limesimama ghafla mbele yako, na gari linaenda pale ulipoliambia liende.