Adabu za Nyumbani: Kila Mtu na Wembe Wake

Mwezi uliopita tulimzuru ndugu yetu mmoja nyumbani kwake, na tulipokwenda kutawadha tukaona dirishani mashine moja ya kunyolea, wembe wake umeshika kutu. Tukauliza ni ya nani. Tukajibiwa kuwa ni ya nyumba nzima: baba huitumia, na wanawe watatu huitumia. Mwenye nyumba alipoona tumeshangaa alicheka akasema, "Ndugu zangu, sisi ni damu moja." Tulinyamaza kwa adabu ya ugeni, walakini neno lile halikututoka moyoni, nasi twaona ni haki ya wasomaji wetu tulijibu hapa.

Hakika wao ni damu moja kwa nasaba. Lakini damu inayobaki juu ya wembe ni jambo jingine. Kila anyoapo mtu hupata michubuko midogo isiyoonekana kwa macho, na kwa njia hiyo maradhi ya ini yaitwayo hepatitisi B huweza kutoka kwa mmoja yakaingia kwa mwingine. Virusi vyake huweza kuishi nje ya mwili kwa muda wa siku 7 au zaidi, hata damu ikiwa imekwisha kukauka. Na mtu aweza kuwa nayo miaka mingi asijijue, kwa kuwa haumwi. Basi baba ampendaye mwanawe na amrithishe nyumba na shamba. Wembe amnunulie wake.

Hatuandiki haya kumshawishi mtu anyoe ndevu zake. Mtume wetu (s.a.w.) ameamrisha kupunguza masharubu na kuachilia ndevu, na maulamaa wamekwisha kueleza hukumu yake. Lakini hata mwenye ndevu hakosi haja ya wembe, kwa kichwa chake na kwa nywele za mwilini ambazo sunna yataka ziondolewe, wala zisipitishwe siku 40. Kila kijana aliyebaleghe, basi, hana budi kujua kuutumia.

Zamani watu walinyolewa kwa wembe wa kukunja, unaonolewa juu ya ukanda wa ngozi, na kazi hiyo ilitaka mkono wa kinyozi. Mmarekani aitwaye King Camp Gillette, akisaidiwa na fundi William Nickerson, akatengeneza wembe mwembamba wa kutupwa, unaobanwa ndani ya mashine hata yakatokeza makali tu. Katika mwaka 1903, mwaka wa kwanza wa biashara yake, ziliuzwa mashine 51 na nyembe 168, basi. Leo wembe wa namna ile hupatikana hata katika duka dogo la mtaani. Walakini wepesi wa kukipata chombo haukuondoa haja ya kufundishwa.

Mfundishe mwanao hivi. Kwanza aoge, na siku ya Ijumaa kabla ya kwenda msikitini ni wakati mwema, kwa sababu unywele uliolowa maji ya moto hulainika ukakatika bila ya taabu. Kisha alowe brashi, aikung'ute, aizungushe juu ya sabuni ya kunyolea mpaka lipatikane povu zito, alipake kwa kuzungusha ili vinywele visimame. Aiache dakika mbili. Ashike mpini kwa wepesi, ulale kiasi, makali yaiguse ngozi kwa pembe ya digrii 30 hivi. Asikandamize hata kidogo. Uzito wa mashine wenyewe watosha. Mkono wa pili uvute ngozi taratibu, na wembe upite kwa vipande vifupi kuelekea kule unywele unakolalia. Akitaka usafi zaidi, apake povu tena apitishe kwa upande. Halafu aoshe kwa maji baridi, apitishe kipande cha shabu palipokwaruzika, ajikaushe kwa kitambaa chake mwenyewe.

Hapa tuna neno na vijana wenye nywele za kipilipili, nao ndio wengi wetu. Mashine zenye nyembe mbili au zaidi, zilizoenea tangu mwaka 1971, huuvuta unywele na kuukata chini ya ngozi. Unywele wa kujikunja unapoota tena hurudi ndani ya nyama, na hapo hutokea vile vipele vya shingoni vinavyomtia kijana haya. Wengi hudhani ni uchafu, wakazidi kusugua na kunyoa, na vipele vikazidi. Dawa yake ya kwanza ni kuacha kunyoa mpaka ngozi ipoe. Kisha atumie wembe mmoja, asirudishe nyuma kinyume cha nywele, wala asitafute ulaini wa yai.

Liko jambo la brashi ambalo wengi hawalijui. Brashi nyingi za bei nafuu hufanywa kwa nywele za nguruwe, na kwa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, nguruwe ni najisi pamoja na nywele zake. Kitu hiki hupakwa usoni nacho ki majimaji. Je, sala itakuwaje? Nyingine hufanywa kwa nywele za mnyama wa mwitu wa ukoo mmoja na nyegere. Brashi ya nailoni haina shaka, wala ya nywele za farasi zilizokatwa naye yu hai. Kadhalika sabuni: ile ya mafuta ya nazi au mawese yaituliza nafsi kuliko ile ya mafuta ya mnyama asiyejulikana. Muulize muuzaji, na usichokijua asili yake kiache.

Wala kinyozi asiachiliwe. Mwambie kwa upole afungue wembe mpya mbele yako. Kinyozi mwema hakasiriki. Na mwenye kwenda Hija achukue nyembe zake, kwani siku ya kunyoa watu ni wengi na wembe mmoja huweza kupita vichwani mwa wageni wa nchi nyingi. Nyembe zilizokwisha zitiwe katika mkebe wenye tundu jembamba, zisimkate mtoto wala mzoa taka.

Ndugu yetu yule tulimrudia juma hili tukiwa na mashine tatu katika mfuko, tukampa zawadi kwa wanawe. Alizipokea, akanyamaza kidogo, kisha akamwita mkubwa wao akamwambia, "Lete maji ya moto, mwanangu, nikuonyeshe." Tukaondoka tukishukuru. Twamwomba Mwenyezi Mungu atutie sote tahara ya mwili na ya moyo. Amin.