Mgongo wa Mtoto Angali Tumboni



Mama mmoja wa hapa Agincourt ametuletea suali, naye ameturidhia tulijibu katika ukurasa huu bila ya kumtaja. Binti yake ana mimba ya majuma 20. Ultrasaundi imeonyesha kuwa mtoto ana mgongo wazi, na ameambiwa aende hospitali ya mjini upesi. "Mwalimu, haraka yote hii ya nini, na mtoto hajazaliwa?"

Mgongo wazi ni pingili za uti wa mgongo kutofungika, hata ugwe uliomo ndani, wenye mishipa ya fahamu, ukabaki nje. Maji ya mji wa mimba huudhuru siku hata siku. Kwetu, kama pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili, mtoto hufungwa mgongo akishazaliwa. Hapa Toronto nako ilikuwa hivyo, mpaka mwaka 2017, madaktari wa Mount Sinai na wa SickKids, hospitali mbili zinazotazamana katika University Avenue, walipoufunga mgongo wa mtoto angali tumboni. Katika Kanada walikuwa wa kwanza.

Ultrasaundi, ambayo wengi wetu tunaijua kwa kutazamia mtoto wa kike au wa kiume, ndiyo jicho la kazi hiyo. Mama hutiwa usingizi, tumbo likafunguliwa, na kipimo kilichovikwa mfuko safi kikawekwa juu ya mji wa mimba wenyewe. Sauti isiyosikika huenda na kurudi, ikichora: kondo la nyuma liko huku, mgongo uko kule. Kisu hupita mbali na kondo, kwani kulijeruhi ni kumwaga damu nyingi. Daktari akishona, ultrasaundi huchunga mapigo ya moyo wa mtoto. Kisha maji hurudishwa, mama hushonwa, na mimba huendelea. Sisi tuliofundisha mwangwi kwa mfano wa popo hatukudhani utafika huku! Kwa mtu mzima mfupa huizuia sauti hiyo. Hubidi kipande kiondolewe kwanza, na jeraha lijazwe maji, ndipo ugwe uonekane. Dohrmann na Rubin wa Chicago waliandika juu ya jambo hilo mwaka 1982.

Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha kuwa, kabla ya kutimiza mwaka, watoto 40 katika kila 100 waliofungwa tumboni waliwekewa mrija wa kutoa maji kichwani. Waliofungwa baada ya kuzaliwa walikuwa 82. Lakini wengi wa wale wa kwanza walizaliwa kabla ya wakati. Mama naye atazaa kwa kupasuliwa mimba hii na zote zitakazofuata, na kovu laweza kuachia. Anayekataa hatumlaumu.

Tunayemhofia ni anayechelewa. Upasuaji huu hufanywa kabla ya majuma 26, na kabla yake kuna vipimo vingi. Binti huyu hana hata majuma sita. Tena aombe mkalimani wa hospitali; asimtumie mdogo wake wa miaka kumi kufasiri mambo kama haya.

Jumanne tutafuatana nao, kwa treni ya GO ya asubuhi hadi Union, kisha treni ya chini ya ardhi mpaka Queen's Park.