Kamiriithu Walipelekewa Askari, Sisi Barua Ilitosha

Kikundi chetu cha maigizo cha hapa Ujiji kimekwisha, na sasa wakubwa wake wanataka kuuza ngoma na maleba wagawane fedha. Kila ninayemuuliza ananijibu yale yale: eti video ndiyo iliyotuua, eti siku hizi watu wana simu. Uongo mtupu! Video zilikuwapo miaka yote tuliyojaza uwanja. Kilichotuua ni ufadhili.

Kwa asiyejua maisha ya ziwani, dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi za sola. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa, kwa hiyo wavuvi hukaa nchi kavu siku kadhaa wakishona nyavu na kupiga soga. Siku hizo ndizo zilikuwa zetu. Hatukuhitaji umeme, mbalamwezi ilitosha. Sahani inapitishwa, mwenye mia anatoa mia, mwenye fungu la dagaa anatoa dagaa. Na igizo lililopendwa kuliko yote lilimhusu mwenye mitumbwi anayekata mafuta, akakata nyavu, akakata taa, akakata mpaka chai aliyokunywa yeye mwenyewe, ndipo awagawie vijana kilichobaki. Watu hawakai kimya! "Hesabu upya, mwizi wee!" Na mchezaji inambidi ahesabu upya. Mimi niliyekuwa nikiandika mazungumzo yale nilijifunza kutunga pale, si darasani.

Ukaja mradi. Sitautaja jina. Ulikuja na mada zake mkononi: vyandarua, vyoo, kupima virusi. Sisemi mada hizo ni mbaya, malaria inaua huku kwetu, nani asiyejua? Lakini mada zilikuja na mwisho wake umeshaandikwa. Asiyetumia chandarua lazima augue, anayetumia lazima acheke. Mtazamaji akipiga kelele "sisi hatulali ndani, tunalala ziwani!" hakuna wa kumjibu, kwa sababu jibu halimo kwenye karatasi. Tukapewa fulana, tukapewa posho, na sahani ikawekwa kabatini. Yule mwenye mitumbwi akaondolewa taratibu, maana fulani alisema analeta chuki.

Halafu kalenda. Mradi hauhesabu mwezi wa mbinguni, unahesabu mwezi wa ripoti. Tukawa tunaigiza Kibirizi usiku wa giza totoro, jenereta inanguruma, wanaume wote wako majini. Wanaobaki wanaandikishwa majina, picha inapigwa, kwaheri. Hiyo ndiyo michezo ya kuigiza?

Mwishoni mwa 2023 ikaja barua: mradi umefikia tamati, spika zirudishwe. Basi. Karatasi moja. Pale mtaani hakuna aliyeuliza kikundi kimekwenda wapi, na siwalaumu. Kilikuwa si chao tena.

Sasa linganisheni na Kamiriithu, kule Limuru nchini Kenya. Wakulima na wafanyakazi wa viwandani na wa mashamba ya chai walijenga wenyewe jukwaa la wazi, wakaigiza kwa Kigikuyu Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, huku wanakijiji wakiwasahihisha mazoezini. Ulianza Oktoba 1977, Novemba serikali ikaufunga, na tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima. Bado watu walirudi. Machi 1982 kituo kikafutiwa kibali, wakatumwa polisi kwa malori kwenda kulibomoa lile jukwaa. Ngũgĩ amefariki Mei 2025, na Kamiriithu bado inatajwa. Unaona ilivyokuwa kazi kulifunga jambo la watu? Sisi hatukuhitaji hata mgambo mmoja.

Msiniambie wasomi wakija lazima iwe hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akina Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, wilayani Kwimba, wakakaa na wanakijiji mpaka wenyewe wakalitaja linalowauma: mimba za wasichana. Mada ilitoka kijijini.

Na la kwetu lilikuwapo. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Miezi mitatu! Pengine ilikuwa sawa, pengine haikuwa, hilo ndilo lilihitaji uwanja. Mwenye mitumbwi ana duka na nyumba ya kupangisha. Kijana wake wa chomboni ana nini? Mama muanika dagaa akauze nini? Yule aliyekata mafuta na nyavu angekata nini safari hii? Wavuvi walikuwa nchi kavu siku zote, mwezi mkubwa na mwezi mdogo, na ngoma zetu ziko stoo zinaliwa na panya.

Ngoma hizo zilinunuliwa kwa fedha ya sahani, kabla ya mradi. Wanaotaka kuziuza wasikutane chumbani watu watano. Waje wayaseme hayo uwanjani, mwezi ukiwa mkubwa, wavuvi wakiwapo, na wahesabu kila shilingi kwa sauti.