Taa ya Injini na Maneno ya Kijiweni

Pikipiki za kabureta zilituzoesha vibaya. Ikigoma, unasafisha plagi, unafungua kabureta, unapuliza jeti kwa mdomo, safari inaendelea. Siku hizi zinaingia za injekta, na kwenye dashibodi kuna kitaa cha njano chenye mchoro wa injini. Kikiwaka tu, kijiwe kizima kinageuka mafundi.

Wa kwanza kusema ni yule wa "hapo injini imekufa." Injini huuawa na kukosa oili, na taa ya oili ni nyingine, nyekundu. Kwa pikipiki iliyo nayo, hiyo ikiwaka unazima papo hapo, hata kama uko katikati ya mlima na abiria mgongoni. Ya njano inasema kwamba kompyuta imepokea umeme usioeleweka kutoka sehemu fulani. Sensa ya joto la injini ikikatika, kwa mfano, kompyuta hujiwekea kipimo cha kukisia na pikipiki inatembea, ila itakunywa mafuta na kusumbua kuwaka asubuhi. Utafika nyumbani. Waya wa injekta ukikatika, hapo hufiki popote, kwa sababu injini haiwaki kabisa.

"Chomoa betri dakika kumi, itazima yenyewe." Pikipiki nyingi huandika hitilafu kwenye kumbukumbu isiyotegemea betri, kwa hiyo umechafua mikono bure. Kwa zile ambazo kumbukumbu hufutika, umefuta ushahidi ambao fundi angeanzia, na waya uliokatika haujajiunga. Badala ya kuichomoa betri, ipime. Injini ikiwa imewaka na umevuta mafuta kidogo, mita isome karibu na volti 14. Ikibaki kwenye 12, chaji haiingii, na kompyuta yenye njaa ya umeme hulalamikia mambo mengi yasiyokuwepo.

"Bila mashine huwezi kujua kitu." Honda nyingi ndogo za injekta zinajieleza zenyewe. Fungua ufunguo bila kuwasha injini, kisha tazama kitaa. Hitilafu ikiwa ipo wakati huo, kitapepesa: mpepeso mrefu ni kumi, mfupi ni moja. Mifupi saba ni sensa ya joto la injini. Mmoja mrefu na miwili mifupi ni 12, yaani injekta. Mirefu miwili na mfupi mmoja ni 21, sensa ya oksijeni kwenye eksozi. Kalamu na karatasi vinatosha. Ile mashine ya magari yenye plagi ya pini 16 haiingii hapo. Hata pikipiki zilizotengenezwa kwa kiwango cha Euro 5 zina soketi yao ya pini sita, unahitaji waya wa kuunganisha.

Sasa lile linalokula hela za watu: "Kodi imetaja sensa, kanunue sensa." (Kodi ni ile namba ambayo kitaa kinapepesa.) Kodi inataja njia ya umeme, na kwenye njia hiyo kuna plagi, waya, ethi, na mwisho kabisa sensa yenyewe. Kuna kijana aliniletea Honda yake ikipepesa moja, ikatulia, ikapepesa nane, ikatulia, ikapepesa tisa. Dukani walishamwambia anunue sensa tatu: ya mgandamizo wa hewa, ya mkono wa mafuta, na ya joto la hewa. Nikamuuliza ilianza lini. "Jana, nilipotoka kuiosha." Kwa mashine ya maji ya kasi, bila shaka.

Kwenye pikipiki ile sensa zote tatu zinakaa ndani ya kiboksi kimoja, zinatumia plagi moja. Sensa tatu zife asubuhi moja? Nikachomoa plagi. Likadondoka tone la maji, na pini moja ilikuwa imevaa kutu ya kijani kama sarafu ya zamani. Mswaki mkavu, dawa ya kusafishia swichi, nikaipuliza, nikaisukuma mpaka ikalia "ka!" Tukafungua ufunguo. Taa ikawaka, ikazima. Kijana akabaki ameshika hela zake mkononi kana kwamba kazi haijaisha.

Plagi ikiwa safi, fuata waya mpaka pale unapokunjika kwenye shingo ya usukani, kisha angalia kama umeguswa na eksozi au panya. Halafu pima kama sensa ya mkono wa mafuta inapewa volti zake tano. Kama hazifiki, hata sensa mpya itakaa hapo kama pambo.

"Ni petroli ya chupa hiyo." Petroli mbaya ipo na inaziba injekta, lakini pikipiki nyingi ndogo hazina sensa ya presha ya mafuta. Pampu inaweza kuchoka bila kitaa kuwaka.

Ndiyo maana siwaamini wanaouza kwa kusema "hii taa yake haijawahi kuwaka." Kompyuta haioni vali zilizobana, haioni ringi zilizolika. Tena ukifungua ufunguo wa pikipiki nzima, kitaa lazima kiwake sekunde chache ndipo kizime. Kisipowaka kabisa, muulize muuzaji balbu kaiweka wapi.