Draiva ya Kibodi Haiuzwi

Rumonge, Burundi, kuna neno linalorudiwa kila mahali, kuanzia sekretariati za fotokopi za karibu na soko mpaka kwa wanafunzi wanaonunua laptopu zao za kwanza za mtumba: ukiweka Linux, kibodi na tachipedi vitakufa, kwa sababu Linux "haina draiva". Neno hilo si kweli, na linawala pesa watu wasio na pesa ya kuchezea.

Draiva za Linux hazitafutwi kwenye CD wala hazinunuliwi kwenye flashi ya fundi. Zimo ndani ya kiini cha mfumo, kile alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, na maelfu ya watu wameendelea kuziongeza humo hadi leo. Kibodi za laptopu nyingi bado zinaongea na mashine kwa utaratibu wa zamani wa PS/2, na draiva yake, atkbd, huja pamoja na mfumo wenyewe. Tachipedi za Synaptics, ALPS na Elan zina psmouse. Nyingi za miaka ya karibuni hupitia i2c_hid. Hakuna cha kupakua.

Basi kwa nini watu wanaapa kwamba kibodi imekataa? Angalia inavyotokea. Laptopu imetoka Uingereza, ina herufi za QWERTY. Mwenyewe kasoma kwa Kifaransa, kwa hiyo wakati wa kuweka mfumo anachagua Kifaransa, na mfumo unadhani kibodi ni AZERTY. Akibonyeza A inatoka Q. Akibonyeza W inatoka Z. Kwenye nenosiri la Wi-Fi herufi hazionekani, zinafichwa kwa vidoa, kwa hiyo linakataliwa mara tatu, nne, naye hajui sababu. Anapeleka mashine kwa fundi, fundi anasema draiva imekosekana, anafuta kila kitu na kurudisha Windows ya kunakiliwa, na analipwa. Dawa ilikuwa kufungua mipangilio ya kibodi na kuchagua Kiingereza cha Uingereza. Kibodi ilikuwa nzima muda wote.

Tachipedi nayo inasingiziwa vivyo hivyo. Kwenye mifumo kadhaa, Debian 12 yenye GNOME ikiwemo, kugonga kwa kidole hakuhesabiwi kuwa kubofya mpaka uruhusu mwenyewe kwenye mipangilio. Mtu anagonga, anaona kimya, anatangaza kifo. Kama kishale kinatembea, draiva ipo na inafanya kazi. Kisipotembea kabisa, tazama kwanza kitufe cha Fn kinachozima tachipedi. Laptopu nyingi zinacho, na mtoto anaweza kukibonyeza bila kujua. Ikiwa tachipedi imeganda baada ya mashine kulala na inatumia psmouse, kuandika kwenye dirisha la amri sudo modprobe -r psmouse, kisha sudo modprobe psmouse, mara nyingi huiamsha.

Sidai kwamba kila mashine ni rahisi. Mac za Intel zenye chipu ya T2, za kati ya 2018 na 2020, kibodi na tachipedi zake zinahitaji kiini kilichorekebishwa, na asiye na uzoefu asizinunue kwa ajili ya Linux. Chipu fulani za Wi-Fi za Broadcom nazo husumbua kweli. Lakini hizo si laptopu za Dell, HP na Lenovo ambazo watu wengi hapa wanazo.

Kosa kubwa zaidi ni la flashi iliyozeeka. Faili la Ubuntu 24.04 linazidi GB 5, na kwa bei ya intaneti yetu hakuna anayelipakua kwa furaha. Kwa hiyo flashi yenye Ubuntu 16.04, ambayo ilitoka na kiini 4.4 cha mwaka 2016, inapita mkono kwa mkono miaka nenda miaka rudi. Ukiitia kwenye laptopu ya 2020, tachipedi huenda isionekane kabisa, kwa kuwa kiini hicho kilitengenezwa kabla yake. Mmoja apakue toleo jipya huko Bujumbura kwenye mtandao mzuri, mji mzima unakili kwake bure; leseni inaruhusu.

Jambo hili lina haraka. Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inazikataa rasmi nyingi za laptopu zilizotengenezwa kabla ya 2018, yaani zilezile zinazotufikia. Anayeendelea kumwambia mwanafunzi au mwenye hesabu za mawese kwamba Linux haina draiva anamwacha na mfumo usiozibwa tena matundu, au anamwambia atupe mashine nzima.

Ukienda kwa fundi, mwambie aiwashe Linux kutoka kwenye flashi bila kuiweka kwenye diski. Andika sentensi mbili, sogeza kishale, bofya, unganisha Wi-Fi. Akikataa kukuonyesha hayo kabla ya kupokea faranga zako, chukua laptopu yako uende kwa mwingine.